Kabla ya Kuchanganya, Jua Kinachofanya Kazi

Ukimwaga siki juu ya soda ya kuokea, povu linapanda kwa nguvu hadi mdomo wa chombo, na ni rahisi kuamini kwamba uchafu sasa umepatikana. Maelekezo mengi ya usafi wa asili yamejengwa juu ya povu hilo. Lakini povu lenyewe ni hewa ya ukaa inayotoka. Siki ni asidi, soda ni alkali, na vikikutana kila kimoja kinamaliza nguvu ya mwenzake. Kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haikati mafuta wala haiondoi magamba ya birika. Povu linaweza kusogeza takataka kidogo kwenye bomba la sinki, basi. Mchanganyiko huo ukiujaza kwenye chupa ya kupulizia na kuuweka kabatini, hauna kazi tena.

Naanzia hapo kwa sababu napenda sana kutengeneza vitu vya nyumbani kwa mikono yangu, na naona watu wengi wakikata tamaa mapema kwa kufuata maelekezo yasiyoeleza sababu. Wanachanganya, wanapaka, wanasubiri, hakuna kinachotokea, kisha wanarudi dukani wakiwa wameshaamua kwamba vitu vya asili havifanyi kazi. Mtu akielewa ni nini hasa kinachotenda kazi, nusu ya viungo alivyoambiwa anunue vinaonekana havihitajiki, na pesa inabaki mfukoni. Vilevile anajua ni lini asijaribu kabisa.

Siki peke yake ni kitu cha maana. Siki ya kawaida ya mezani ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5, na hiyo inatosha kuyeyusha magamba meupe yanayoganda ndani ya birika. Magamba hayo ni kaboneti ya kalsiamu iliyotoka kwenye maji magumu, yaani maji yenye madini mengi, na asidi huivunja. Jaza birika nusu siki nusu maji, lipashe moto kidogo, liache kama nusu saa, na utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye magamba yenyewe. Hapa povu ni dalili kwamba kazi inafanyika. Suuza, chemsha maji safi, yamwage, basi. Juisi ya limau hufanya vivyo hivyo. Tahadhari moja: marumaru na mawe ya chokaa yametengenezwa kwa kaboneti ileile, kwa hiyo siki ikidondokea juu yake huacha doa lisilofutika.

Soda nayo ni nzuri kwa kusugua kwa upole bila kukwaruza, na kwa kupunguza harufu. Kwa mafuta yaliyoganda haina nguvu ya kutosha, lakini inaweza kuongezewa. Itandaze kwenye sinia la chuma cha pua, iweke kwenye tanuri lenye nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, ukiigeuza mara kwa mara. Inapoteza maji na hewa ya ukaa, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu, yaani soda ya kufulia, yenye ukali mkubwa zaidi. Gramu 100 za soda ya kuokea zikimalizika kubadilika hubaki kama gramu 63, kwa hiyo mizani inakwambia kama kazi imekamilika. Hii unaishika kwa glavu, huigusishi na alumini, na hufulii sufu wala hariri.

Na kuna jambo lisilo na mjadala. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikutane na siki, limau wala asidi nyingine, kwani hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Isikutane na amonia pia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo; hapo hutoka gesi za kloramini. Anayetaka kutumia siki bafuni siku hiyo aiache klorini hadi siku nyingine.

Sasa sabuni, ambayo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayoelezwa vibaya kuliko zote. Sabuni huzaliwa pale mafuta yanapokutana na alkali kali. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha utafiti wake mkubwa kuhusu mafuta mwaka 1823, ndiye aliyeonyesha kwamba mafuta yameundwa na asidi za mafuta zilizofungamana na gliserini. Alkali inafungua fungamano hilo. Asidi za mafuta zinashikana na sodiamu na kuwa sabuni, gliserini inabaki humo humo na ndiyo inayofanya kipande cha nyumbani kiwe laini kwenye ngozi. Alkali yenyewe ni haidroksidi ya sodiamu, ambayo mafundi wa sabuni huiita kostiki soda.

Watu huniuliza kama inawezekana kutengeneza sabuni bila kostiki, kwa sababu wanaiogopa. Haiwezekani. Unaweza kununua vipande vya sabuni iliyokwisha tengenezwa, ukaviyeyusha na kuvimimina upya, lakini kostiki ilishatumika huko vilikotoka. Unaweza pia kuchuja maji ya jivu la kuni na kupata alkali ya potasiamu, nayo hutoa sabuni laini ya majimaji, lakini ukali wa maji ya jivu hubadilika kila mara na ni vigumu kuupima. Kostiki ya kupimwa kwenye mizani ni salama zaidi kuliko jivu la kukisia. Na ikishatumika yote ndani ya mafuta, haipo tena, imekuwa sabuni.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya zeituni inahitaji takriban gramu 134 ili igeuke sabuni yote, na kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 183. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu huwezi kubadilisha mafuta kwenye maelekezo ya mtu bila kupiga hesabu upya. Kisha unapunguza kostiki kwa asilimia 5 hivi, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki kamwe. Kwa kilo ya mafuta ya zeituni, basi, unapima gramu 127 na kuiyeyusha katika maji kama gramu 290. Vipimo vyote ni vya uzito, hata vya maji na mafuta. Vikombe na vijiko havifai hapa.

Miwani ya kinga iwe usoni kabla mfuko haujafunguliwa, glavu zifike juu ya kifundo, dirisha liwe wazi. Kostiki humwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu joto hulipuka ghafla na kurusha matone. Hata ukifuata utaratibu, maji ya baridi hupanda kupita nyuzi 80 ndani ya dakika chache na kutoa mvuke unaokaba koo. Usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaila na kutoa haidrojeni. Chuma cha pua kinafaa, na plastiki nene inayostahimili joto inafaa.

Maji ya kostiki yakishapoa hadi nyuzi 40 hivi, na mafuta yakiwa na joto linalokaribia hilo, unayachanganya. Mwanzoni unaona mafuta ya kijani yenye michirizi ya maji. Unakoroga. Rangi inafifia, inakuwa ya krimu, na mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Kisha unafika wakati ambao tone likidondoka kutoka kwenye mwiko linaacha alama juu ya mchanganyiko kabla halijazama. Hiyo ndiyo ishara ya kumimina kwenye kisanduku au chombo ulichotandika karatasi. Mafuta ya zeituni matupu yanaweza kukukorogesha muda mrefu sana kwa mkono. Ukichanganya na ya nazi alama inakuja mapema, na sabuni inatoa povu zaidi. Siku ya pili unakata vipande, ukiwa bado na glavu, unavipanga mahali penye hewa, navyo vikae wiki 4 hadi 6. Kwa muda huo kazi ya kostiki imeshaisha. Kinachoendelea ni maji kukauka na kipande kugumuka, ili kisiyeyuke ovyo bafuni.

Sabuni ya namna hii ina pH ya 9 hadi 10 (pH ni kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuna ushauri unaozunguka wa kuongeza juisi ya limau ili kuisawazisha. Asidi inaivunja sabuni na kuirudisha kuwa asidi za mafuta. Utapata mabonge yanayoteleza yasiyosafisha. Kwa sababu hiyohiyo siki haichanganywi na sabuni ya majimaji kwenye chupa moja.

Je, inaokoa pesa? Mara nyingi hapana, au kidogo tu. Mafuta mazuri yana gharama, na viwanda vinanunua kwa wingi ambao mtu mmoja hawezi kuufikia. Nasema hivi kwa sababu makala nyingi za kujitengenezea vitu huahidi akiba mahali ambapo akiba haipo. Natengeneza sabuni kwa kuwa najua kila kilichomo, na kwa kuwa naipenda kazi yenyewe. Akiba kubwa iko kwenye moto na maji, na huko tutafika sasa hivi.

Kabla ya hapo, neno kuhusu ngozi. Malhamu ya midomo, mikono na visigino ni kazi ya dakika chache: sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu nne za mafuta, kwa uzito. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto linatosha, na moto wa moja kwa moja hauhitajiki. Dondosha tone kwenye sahani baridi. Likiwa gumu mno ongeza mafuta, likiwa laini mno ongeza nta. Malhamu haina maji ndani yake, na bakteria hawaoti pasipo maji, ndiyo maana inakaa miezi bila dawa ya kuhifadhi. Losheni ni jambo jingine kabisa. Ukishachanganya mafuta na maji umetengeneza mahali pa bakteria na kuvu kuishi, hata kama kwa macho losheni inaonekana safi na inanukia vizuri. Anayetengeneza losheni bila kihifadhi aitengeneze ya siku chache, aiweke kwenye jokofu, na asiipake kwenye jeraha.

Kinga ya jua usiitengeneze nyumbani. Kiwango chake cha kinga hakipimwi kwa macho, na ngozi inaungua kabla hujagundua kwamba unga wa kuzuia miale haukusambaa sawasawa. Dawa ya meno yenye limau pia iache. Juisi ya limau ina pH ya karibu 2, na ganda la jino huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya takriban 5.5. Meno yatang'aa kwa muda, kisha yataanza kuhisi baridi, na ganda lililokwisha kuondoka halioti tena.

Sasa moto. Chakula kikishachemka, moto mwingi unaoendelea kuwaka chini ya sufuria unafanya kazi moja tu: kurudisha joto linalopotea hewani kupitia kuta na mfuniko. Ukilizuia joto lisipotee, moto hauna sababu ya kuendelea kuwaka. Ndiyo siri yote ya kupika kwenye kikapu. Chukua kikapu au sanduku ambalo sufuria yako inaingia na kubaki nafasi ya sentimita 10 pande zote, chini na juu. Jaza nafasi hiyo kwa mablanketi ya zamani, nguo zilizochakaa, nyasi kavu au karatasi zilizokunjwakunjwa. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, kwa hiyo usishindilie hadi hewa yote itoke. Tengeneza mto wa kufunika juu, uwe mnene kuliko unavyodhani inahitajika, maana joto hupenda kutorokea juu.

Chemsha chakula, kiache kitokote dakika 10 au 15 ili joto lifike katikati ya kila kipande, funika vizuri, ingiza kikapuni upesi, na usifungue kuchungulia. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Sufuria yenye chakula kidogo ina joto kidogo la kutunza. Punguza maji kidogo pia, kwa kuwa hayatapotea kwa mvuke. Nafaka, mboga za mizizi na nyama ngumu zinatokea vizuri ajabu, na hakuna kinachoungua chini ya sufuria hata ukisahau.

Hapa kuna sheria mbili ambazo sizilegezi. Ya kwanza ni ya maharage mekundu yenye umbo la figo. Yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na moto wa chini hauivunji. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke kwelikweli katika maji mapya kwa dakika 10 kama kima cha chini. Mimi huyaacha 30, halafu ndiyo yanaingia kikapuni. Ya pili ni ya joto: bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Kipimajoto cha chakula hakina gharama kubwa, na kikionyesha chini ya 60 unapofungua, chemsha tena kabla ya kula, na usikiache chakula kilale humo. Ukifungua mara kadhaa na kukuta zaidi ya 60, unakijua kikapu chako na unaweza kukiamini.

Nyenzo za kupoza zinatumia wazo lililo kinyume. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa nyuzi 1. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, vyote vya udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, mchanga katikati, maji kwenye mchanga mara mbili kwa siku, kitambaa kibichi juu: maji yanapenya udongo, yanakauka upande wa nje, na ndani kunapoa. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisambaza vyungu vya namna hii vijijini kaskazini mwa nchi yake na kupewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Katika majaribio yake bilinganya zilikaa siku 27 badala ya 3. Lakini hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke zaidi, kwa hiyo penye unyevunyevu chungu hiki kitakuvunja moyo. Kining'inize kitambaa kibichi kivulini. Kikikauka haraka, chungu kitafanya kazi.

Maji ya kunywa yanaweza kutibiwa kwa jua, na hili nalipenda kwa urahisi wake. Chupa ya plastiki ya PET, ile yenye namba 1 ndani ya alama ya pembetatu chini yake, isiyo na rangi wala mikwaruzo, isiyozidi lita 2, inajazwa maji na kulazwa juani saa 6. Miale ya urujuanimno ya aina A inaua vijidudu, na maji yakifika nyuzi 50 kazi inakwenda kwa kasi zaidi. Utafiti wa njia hii ulianzishwa na Aftim Acra na wenzake katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut miaka ya 1980, kisha taasisi ya Eawag ya Uswisi ikauendeleza kuanzia mwaka 1991. Maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, tazama kutoka mdomoni, na kama vichwa vya habari havisomeki, chuja kwanza. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziwe siku 2. Mvua ikinyesha siku nzima, acha jua, chemsha. Na jua haliondoi dawa za shambani wala metali nzito. Maji yenye shaka ya namna hiyo hayatibiwi kwa chupa.

Mvua yenyewe ina hesabu rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 10, ni lita 500, na hata ukipoteza moja ya tano kwa kumwagika na kulowa kwa paa unabaki na 400. Watu wakipiga hesabu hiyo kwa paa lao huenda kutafuta mifereji siku hiyohiyo. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaelekezwe pembeni, pipa lifunikwe kwa wavu ili mbu wasizaliane, na ya kunywa yatibiwe.

Kazi nyingine ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote ni kupaka chokaa. Rangi nyingi za dukani hutandaza ngozi ya plastiki juu ya ukuta. Chokaa inageuka jiwe. Chokaa iliyozimwa, yaani haidroksidi ya kalsiamu, ikichanganywa na maji na kupakwa nyembamba, huvuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa kaboneti ya kalsiamu, ileile iliyomo kwenye mwamba ilikotoka. Ukuta unaendelea kupumua, unyevu unatoka badala ya kunaswa nyuma ya rangi, na kwa kuwa chokaa mpya ni alkali kali, kuvu haipendi kuota juu yake.

Chagua vizuri. Chokaa ambayo haijazimwa hutoa joto kali sana ikiguswa na maji, na hiyo waachie wenye uzoefu. Chokaa ya shambani ya kurekebisha udongo tayari ni kaboneti, haiwezi kuganda; ukiipaka itabaki vumbi linalofutika kwa mkono. Unayotaka ni unga wa chokaa iliyozimwa ya ujenzi. Uloweke kwenye maji angalau usiku mmoja, uchuje kwa kitambaa, uongeze maji mpaka uwe na wepesi wa maziwa. Kila mtu hutaka kuifanya nzito, na chokaa nzito hupasuka na kubanduka. Ukuta uwe wa udongo, matofali, mawe au lipu isiyopakwa rangi ya mafuta, kwa sababu chokaa inahitaji vinyweleo vya kushika. Nyunyiza maji kwanza ukuta ulowe. Vaa miwani: tone la chokaa jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona, na likiingia osha kwa maji mengi mfululizo, kisha nenda hospitali.

Mkono wa kwanza unavunja moyo. Unapitisha brashi na ukuta unabaki na rangi yake ya zamani, umelowa tu, una kijivu cha maji. Usiongeze. Usirudie palepale. Endelea hadi mwisho wa ukuta, safisha brashi, ondoka. Ukipita baadaye unaona pembe za juu, zilizokauka kwanza, zimeanza kufifia kuelekea nyeupe, halafu weupe unashuka taratibu. Kesho yake lowesha tena, paka mkono wa pili. Kufikia wa tatu au wa nne ukuta una weupe wenye kina ambao mwanga wa asubuhi unauonyesha kwa namna tofauti na ule wa jioni. Jua kali likipiga wakati wa kupaka, chokaa inakauka kabla haijaganda na kuwa vumbi, kwa hiyo fuata kivuli kinavyozunguka nyumba.

Mboji nitaipitia kwa haraka, kwa sababu watu wameifanya ngumu kuliko ilivyo. Vitu vya kijani (maganda, majani mabichi, mabaki ya mboga) vina nitrojeni; vitu vya kahawia (majani makavu, karatasi, maranda ya mbao) vina kaboni. Vijidudu vinataka kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja, na kwa macho hiyo ni kahawia zaidi ya kijani kwa ujazo. Lundo la mita 1 kila upande linashika joto na kufika nyuzi 55 au zaidi, joto linaloua mbegu za magugu. Kamua konzi moja: likitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Harufu ya amonia inamaanisha ongeza kahawia, harufu ya yai viza inamaanisha geuza, hewa haipiti. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie. Dawa za kuharakisha mboji usinunue. Vijidudu vimo tayari kwenye majani uliyookota.

Vitu hivi vyote vinahitaji nyenzo chache sana: mizani inayosoma gramu 1, kipimajoto, miwani ya kinga, glavu, na kalamu isiyofutika. Hiyo kalamu ni muhimu. Kila chupa na kila kopo liandikwe jina la kilichomo na tarehe, na kostiki, chokaa na soda ya kufulia visiwekwe kamwe kwenye chupa iliyokuwa ya kinywaji, hata kwa saa moja. Mtoto anatambua umbo la chupa kabla hajajua kusoma, na kostiki iliyoyeyushwa inaonekana maji. Akiinywa inaunguza koo na umio.

Anayeniuliza aanze na lipi, namwambia aanze na magamba ya birika, kwa sababu matokeo anayaona ndani ya nusu saa na anajifunza siki inafanya nini. Kisha atengeneze kikapu cha kupikia, kwa kuwa kila alicho nacho tayari kinatosha na akiba ya kuni, mkaa au gesi inaonekana mwezi huohuo. Chokaa isubiri msimu usio na mvua. Sabuni ije baada ya hapo, ukishapata mizani na miwani, na siku ambayo hakuna mtoto jikoni.